Puli ya pampu ya stelingi

Puli ya pampu ya pawa stelingi hufungwa kwa namna mbili. Katika Toyota nyingi za zamani hushikwa na nati. Nati hiyo hulegezwa mkanda ukiwa bado umekaza, kwa kuwa mkanda ndio unaozuia puli isizunguke. Katika magari mengi ya Ford na General Motors hakuna nati: puli imeshindiliwa kwenye shafti, na kitovu chake kina mfereji wa kushikwa na pula maalumu. Pula ya kawaida ya makucha, inayovuta ukingo, huipinda.

Kosa baya kuliko yote ni kurudisha puli kwa nyundo. Kila pigo hupita kwenye shafti hadi ndani ya pampu, likaumiza beringi na sili, na pampu iliyokuwa nzima ikaanza kuvuja oili. Badala yake, bolti ya kifaa cha kushindilia hufungwa kwenye hesi zilizo ndani ya shafti, kisha nati yake hukazwa taratibu, ikiisukuma puli. Kwa kawaida kitovu huishia sawa na ncha ya shafti. Rula iliyonyooka huonyesha kama puli zote zimekaa mstari mmoja. Zikipishana, mkanda hupiga kelele na kulika pembeni.