TAARIFA YA KATIBU: VIJANA WETU NA PATI ZA VYUONI



Vyuo vinafunguliwa, na vijana wa tawi letu hapa Marekani wataalikwa kwenye pati za vyama vya udugu vya wanafunzi. Kuwakataza hakutoshi.

Februari 2017, Timothy Piazza, miaka 19, mwanafunzi wa Penn State, alinyweshwa pombe kwenye pati ya namna hiyo, akaanguka kwenye ngazi. Wenzake walimvalisha begi lenye vitabu asijigeuze akalala chali. 911 ilipigwa baada ya saa 12 hivi. Alifariki.

Mara nyingi hofu ya kesi ndiyo huchelewesha simu. Pennsylvania sasa sheria inamlinda anayepiga kwa nia njema na kubaki na mgonjwa. Ya jimbo lako iulize mapema.

Kijana aende na mwenzake asiyekunywa, awe na anwani kamili ya nyumba. Mlevi haamki? Piga 911, mlaze ubavu, usimwache "alale tu".

Na sisi wazazi tusijitoe. Bajeti ya pati yetu ya Jumamosi ya kuwaaga ina muziki na soda hadi senti. Huduma ya kwanza haimo. Sisaini mpaka iwemo.

Katibu wa Tawi