Kikulacho ki Nguoni mwa Mfanyakazi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mfanyakazi ayeyushaye betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, methali hii si fumbo. Vumbi lenye sumu hushika nguo zake, naye huenda nalo nyumbani na kuwapakata wanawe.

Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliijua kweli hii kwa uchungu. Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa wakazi mwaka 2020 na kutenguliwa mwaka 2023. Wakazi walishinda kwa kushikamana. Je, kibarua asimamaye peke yake mbele ya tanuri atatetewa na nani?

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inampa haki. Aliyelemaa kabisa na kwa kudumu anastahili malipo ya mapato ya miezi 96. Lakini sheria hiyo hiyo yasema haki hupotea iwapo ugonjwa hautaarifiwa kwa mwajiri au kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12 tangu ulipoanza. Hapo ndipo penye mtego. Risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi. Nani awezaye kuitaja siku ugonjwa ulipoanza, ilhali damu yake haijapimwa hata mara moja?

Tunadai, basi, miezi hiyo ihesabiwe tangu daktari alipoutambua ugonjwa, na kila mfanyakazi apimwe kwa gharama ya mwajiri, kisha akabidhiwe majibu mkononi mwake.

Nanyi ndugu wafanyakazi, msingoje. Toeni taarifa kwa maandishi na kuhifadhi nakala. Tangu hukumu ya Desemba 2019 ya Mahakama ya Juu, mlango wa kwanza wa madai ni kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kuupinga.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wananchi hawakuwa wamepigania karatasi ya kura tu. Walipigania serikali yenye kumjali mnyonge. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mfanyakazi mazingira ya kazi yanayofaa. Fidia si hisani ya tajiri. Ni haki, na haki hudaiwa.