Ukurasa wa Lugha: Jamaa za Majina katika Kirundi

Juma hili twavuka mto Ruzizi. Wengi wenu mna shemeji na wajomba katika Burundi, na wengine mna Warundi majirani hapa kwetu katika bonde la Uvira. Yafaa basi tujue jinsi lugha yao inavyopanga majina ya watu na vitu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipokwenda kukaa huko, nilipewa chumba katika nyumba ya mwalimu mwenzangu, juu ya kilima. Jioni ya pili alikuja mzee mmoja, mtu mfupi, mwenye fimbo na koti safi, akanisaidia kubeba maji. Nikataka kumsifu mbele ya wenyeji. Kwetu Kongo twasema katoto, tutoto, na neno hilo lina upendo ndani yake. Nami nikafikiri ka ni ka popote. Nikasema kwa Kirundi: aka kagabo, yaani huyu mwanamume mdogo, ana moyo mwema. Watoto wakacheka. Mzee hakucheka. Aliweka ndoo chini polepole, akaaga, akaondoka.

Mwenzangu akanieleza usiku ule. Mwanamume ni umugabo, na neno hilo ni la heshima. Ukiliondolea umu- na kulivika aka-, umempunguza mtu: umemfanya kijitu tu. Tena yule mzee alikuwa umushingantahe, mmoja wa wale wanaoamua mashauri ya kilima. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kosa la kiambishi si kosa la kaye tu.

Sasa tuingie katika kazi. Sisi walimu twaita makundi haya ngeli, lakini kwa anayeanza napenda neno jamaa. Kila jina lina jamaa yake, na jamaa hujulikana kwa kichwa cha neno. Twaa shina moja, -ntu, nawe utaona: umuntu ni mtu, abantu ni watu, ikintu ni kitu, ibintu ni vitu, akantu ni kijitu, utuntu ni vijitu, ahantu ni mahali, na ubuntu ni utu, ule wema unaomfanya mtu awe mtu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda, alijenga mafundisho mazima juu ya maneno kama hayo, kwa maana Kinyarwanda ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi.

Vivyo hivyo na shina -rundi: Umurundi mmoja, Abarundi wengi, nchi yao Uburundi, lugha yao Ikirundi. Msomaji wa Kiswahili hapotei hapa. Kinachomshangaza ni ile vokali ya mbele: u-mu, a-ba, i-ki. Sheria yake ni nyepesi, vokali ya mbele hufanana na ile inayofuata ndani ya kiambishi. Anayesema Mashi hatasumbuka, kwa kuwa nyumbani kwake husema omuntu. Mluba wa Katanga, asemaye muntu, ndiye atakayepaswa kuizoea. Lakini angalia: ukitanguliza neno la kuonyesha, vokali hiyo huanguka. Husemwi uyu umuntu, bali uyu muntu. Kadhalika baada ya nta, neno la kukana: nta muntu, hakuna mtu.

Jambo la pili huwasumbua hata wanafunzi hodari. Kwa nini kitu ni ikintu, lakini kitabu ni igitabo? Kwa sababu Kirundi hakipendi sauti mbili ngumu zifuatane. Silabi inayofuata ikianza na t, k, s, f na nyinginezo za namna hiyo, k ya kiambishi hulegea ikawa g. Ndiyo maana wao huita lugha yao Ikirundi, lakini yetu huiita Igiswahili, na Kifaransa ni Igifaransa. Hata t hulegea ikawa d: kijitabu ni agatabo, na vijitabu ni udutabo. Wataalamu huiita sheria ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyekaa Unyamwezi. Jifunze kwa sikio kwanza, sheria utaikumbuka baadaye.

Upatano wa maneno ndio moyo wa lugha, na hapa Mswahili ana bahati. Sisi twasema kitabu changu, vitabu vyangu. Wao husema igitabo canje, ibitabo vyanje, na c yao husomwa kama ch yetu. Ni kama ndugu wawili waliolelewa nyumba mbalimbali! Zaidi ya hayo, ulimi na ndimi zetu ni ururimi na indimi kwao, na maana zote mbili zimo, ulimi wa kinywani na lugha.

Lakini undugu huo una mitego. Mti wetu uko katika jamaa ya mlima na mkate. Kwa Kirundi mti ni igiti, wengi ni ibiti. Ukisema umuti, umetaja dawa, na mwenye nyumba atadhani u mgonjwa. Tena umwana na umwaka vyaonekana kama pacha, kumbe ni wa jamaa mbili: abana ni watoto, imyaka ni miaka. Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wangu wasiandike jina jipya kamwe bila wingi wake.

Mtego mkubwa ni wanyama. Katika Kiswahili ng'ombe anakula, mbwa analala. Tumewapa wanyama upatano wa watu. Mrundi, ingawa ng'ombe kwake ni mali na heshima, hafanyi hivyo. Umwana ararya, mtoto anakula. Lakini inka irarya, na wakiwa wengi, inka zirarya. Jina lenyewe halibadiliki, kitenzi ndicho kinachokuambia kama ni mmoja au kundi. Na Mungu pia, Imana, hufuata upatano huo: Imana ikunda abantu, Mungu awapenda watu. Mgeni huona kama ni ukosefu wa adabu, akataka kusahihisha, aseme akunda. Asisahihishe. Jamaa ya jina si cheo chake.

Juu ya idadi, wataalamu huhesabu ngeli 16, wakitia umoja na wingi mbali mbali, na ile ya mahali, aha-, ndiyo ya mwisho. Wengine huongeza ku na mu. Mwenye kutaka kuzichimba atafute sarufi ya Meeussen iliyotolewa Tervuren mwaka 1959, ingawa ni ngumu kwa anayeanza, nami mwenyewe niliiacha mara mbili.

Na yule mzee? Siku ya tatu nilikwenda kwake na mwenzangu. Nikaomba radhi kwa neno nililolikariri njia nzima: uyu mugabo. Alinitazama kitambo, akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu kama kwetu hatufundishwi kuuliza kabla ya kusifu. Kisha akanikalisha, na jioni nzima akanifundisha majina ya vitu vilivyokuwamo nyumbani, kimoja kimoja, umoja na wingi. Nilipokosea, aligonga fimbo chini.

Kwa juma lijalo, andikeni haya kwa wingi: umwaka mwiza, igiti kinini, ururimi rwiza, inka irarya. La kwanza nawasaidia: kutoka umusozi mwiza, kilima kizuri, twapata imisozi myiza. La tatu litawadanganya wengi, kwa kuwa sifa hufuata ile n ya indimi: tazameni jinsi inka nzuri wanavyoiita inka nziza.