NDUGU, USIOGOPE KUTOA ULOTO

Ndugu msomaji, vijijini tumezoea kusikia habari za malaria, kichocho na kuhara. Leo tuzungumze juu ya kansa ya damu. Haiwapati watu wengi kama malaria. Lakini ikimpata mtu mzima, ukoo wote hushikwa na hofu. Hofu hiyo hufanya ndugu wamkimbie mgonjwa wakati anapowahitaji.

Kansa ya damu ni nini?

Ndani ya mifupa yetu mna kitu laini kiitwacho uloto. Tunakiona tunapovunja mfupa wa ng'ombe. Uloto ndio kiwanda cha damu. Humo hutengenezwa chembe nyekundu zinazochukua hewa safi. Hutengenezwa chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Hutengenezwa pia chembe sahani zinazozuia damu isitoke ovyo.

Katika kansa kali ya damu, uloto hutoa chembe nyeupe mbovu kwa wingi. Hizo hujaa kama magugu shambani, na chembe nzuri hukosa nafasi. Mgonjwa hupauka na kuishiwa nguvu. Hupata homa isiyosikia dawa. Fizi na pua hutoka damu. Damu huvilia chini ya ngozi.

Wako wanaosema amerogwa, au ananyonywa na mumiani. Si kweli. Ugonjwa huu pia hauambukizi. Lakini usipotibiwa unaweza kuua kwa majuma au miezi michache.

Uloto wa ndugu hutibu vipi?

Kwanza mgonjwa hupewa dawa kali za kuua chembe mbovu. Wengine hupona kwa dawa hizo peke yake. Ikiwa daktari anaona kansa inaweza kurudi, huenda akashauri kupandikiza uloto.

Kazi hii ni kama kilimo. Shamba husafishwa kwa dawa kali zaidi, pengine na mionzi. Kisha uloto wa mtu mzima wa afya huingizwa katika mshipa, kama mtu anavyoongezewa damu. Mgonjwa hapasuliwi. Chembe hizo huenda zenyewe mpaka ndani ya mifupa. Baada ya majuma kama mawili mpaka manne huanza kutoa damu mpya. Askari hao wapya huwinda pia kansa iliyosalia.

Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alianza kujaribu kazi hii mwaka 1957. Wagonjwa wake wengi wa mwanzo walikufa. Mwaka 1977, yeye na wenzake wa Seattle walieleza habari za wagonjwa 100 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Kati yao 13 walikuwa hai bila kansa. Baadaye walipandikiza mapema, dawa zikiwa zimeilaza kansa, na waliopona wakawa wengi zaidi. Mwaka 1990 Thomas alipata Tuzo ya Nobel. Tunajifunza kwamba kuwahi ni nusu ya dawa.

Nani anaweza kutoa?

Baba ana mafungu mawili ya alama za mwili, na mama ana mawili. Kila mtoto huchukua fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana bahati moja kati ya nne ya kufanana kabisa na mgonjwa. Ndiyo maana ndugu wote wapimwe. Siku hizi hata mzazi au mtoto, aliyefanana nusu, anaweza kutoa. Kundi la damu si lazima lifanane.

Mtoaji hupatwa na nini?

Hutiwa nusu kaputi, kisha uloto huvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga. Hautolewi katika uti wa mgongo. Au huchomwa sindano kwa siku chache, kisha chembe huchujwa kutoka katika damu yake kwa mashine. Nyonga huuma siku kadhaa. Uloto hurudi baada ya majuma machache. Nguvu za kiume hazipungui, na mwanamke hawi tasa.

Hatari kubwa iko kwa mgonjwa. Askari wageni wanaweza kushambulia ngozi, tumbo na ini lake. Maradhi mengine humwingia kwa urahisi. Wengine hufa. Ni haki ya mgonjwa na jamaa zake kuelezwa hayo kabla ya kukubali.

Wengine husema matibabu haya ni ya matajiri. Kweli, gharama ni kubwa mno kwa mkulima, na ni wajibu wetu kuendelea kudai huduma hii isogezwe karibu. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Njia imefunguliwa. Lakini hata hospitali ikiwa mlangoni, haiwezi kutengeneza uloto. Lazima utoke kwa mtu.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Homa na kutoka damu visipokoma, nendeni zahanati upesi mkaandikiwe kwenda hospitali kupima damu. Jitoleeni damu, kwa maana wagonjwa hawa huongezewa mara nyingi. Na ndugu mkiitwa kupimwa, nendeni.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Kwa ugonjwa huu vyote viwili vinatakiwa. Kufanana hatukuchagua. Kufaana tunaweza kuchagua.