Mzazi, Onja Gemu Kabla ya Kumpa Mtoto

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa kliniki siku hizi, baada ya yale ya homa, kuhara na chanjo, lipo moja ambalo zamani halikuwapo: "Mama, hili gemu la mkononi halitamharibu mwanangu akili?" Anayeuliza mara nyingi ni mzazi mwenye mtoto wa darasa la tatu au la nne, aliyekwisha kununua kifaa chenyewe au anayesumbuliwa na mtoto akinunue.

Kwa mji kama Tunduma swali hilo si la ajabu. Sisi tuko mpakani. Bidhaa hutufikia kwa barabara ya TANZAM kutoka bandari ya Dar es Salaam, na nyingine huvuka kutoka Nakonde. Sokoni utaona gemu za mkononi zimepangwa pamoja na tochi, redio na chaja za simu. Wazazi wengi wanakumbuka vile vidude vya miaka ya 1990 vya kupanga matofali, vilivyotumia betri mbili za tochi ndogo. Vya leo vina kioo cha rangi, vinachajiwa, na muuzaji atakuambia vina michezo mamia kadhaa ndani.

Maoni yangu ni haya. Neno "gemu" ni kama neno "dawa". Tunasema dawa ya malaria, dawa ya viatu na dawa ya panya. Zote ni dawa, lakini hakuna mama atakayezichanganya katika kabati moja. Mzazi akiniuliza kama gemu ni baya, nami humwuliza: gemu gani, kwa mtoto wa umri gani, na kwa muda gani? Ipo aina moja ambayo kwa maoni yangu yafaa kufikiriwa, nayo ni michezo ya chemsha bongo inayotengenezwa na watu binafsi majumbani mwao.

MICHEZO YA KUTENGENEZWA NYUMBANI NI NINI?

Michezo mingi ya kuuzwa hutengenezwa na makampuni makubwa. Lakini wapo watu, wengine wanafunzi, wengine wafanyakazi wa kawaida, ambao jioni hukaa na kompyuta zao na kuandika mchezo kwa ajili ya vifaa vya zamani vya mkononi, kama Game Boy ya kampuni ya Nintendo iliyotoka mwaka 1989. Wengi hutoa kazi yao bure. Kijana mwenye kompyuta anaweza kuichukua kwenye intaneti na kuiweka katika memori kadi ya kifaa kinachoikubali, kama vile vijana wa vibandani wanavyorusha nyimbo kwenye simu zetu. Huo si wizi, maadamu mwenye mchezo ameutoa kwa hiari. Kunakili bila ruhusa mchezo wa kampuni unaouzwa ni jambo jingine.

Mfano wake ni togwa ya nyumbani. Haina nembo ya kiwanda. Nyingine ni tamu na safi, nyingine imechacha. Kinachokulinda ni kumjua aliyeipika, na kuionja wewe kabla ya kumpa mtoto.

NILIZOZIONJA

Mpwa wangu aliniwekea michezo kadhaa ya namna hiyo katika kifaa kimoja. Kwa majuma machache, baada ya zamu, nimeijaribu. Nitaeleza mitatu.

Wa kwanza ni wa kusukuma masanduku ghalani. Asili yake ni Japani, ambako Hiroyuki Imabayashi aliubuni mwaka 1981, na tangu hapo watu wengi wametengeneza ya kwao kwa kuufuata. Mtunza ghala anasukuma masanduku hadi mahali palipowekwa alama. Anaweza kusukuma tu, hawezi kuvuta. Ukilisukuma sanduku hadi kwenye kona, limekwama, na lazima uanze upya. Hakuna saa inayokukimbiza, hakuna adui, hakuna bahati. Mtoto analazimika kufikiri hatua tano au sita mbele kabla ya kugusa kitufe. Huu nimeupenda kuliko yote.

Wa pili ni wa namba, unaoitwa 2048. Ulitolewa mwaka 2014 na kijana wa Kiitalia, Gabriele Cirulli, aliyekuwa na umri wa miaka 19. Aliutoa bure pamoja na maandishi yake ya kompyuta, na wapenzi wakauandika upya kwa vifaa vya zamani. Una vyumba 16, vinne kwa vinne. Mbili na mbili zikigongana huwa nne, nne na nne huwa nane, hadi ufike 2048. Mtoto wa darasa la tatu atazoea kuzidisha kwa mbili bila kuchapwa. Kasoro yake ni kwamba ukishindwa, mkono unataka kuanza tena mara moja. Huu wahitaji saa ukutani.

Wa tatu ni wa kupanga vipande vinavyoanguka, ndugu wa yale matofali ya zamani. Mchezo huo, Tetris, ulianza mwaka 1984 mjini Moscow. Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti, aliuandika kwa kujifurahisha, hakutumwa na kampuni yoyote. Baadaye ndio uliouzwa pamoja na Game Boy huko Marekani na Ulaya. Unanoa macho na vidole, lakini kasi yake huongezeka hadi moyo unadunda. Si mchezo wa kumpa mtoto saa ya kulala.

Katika yote mitatu niliangalia mambo ambayo mzazi yeyote anaweza kuyaangalia. Je, mchezo unadai fedha? Hapana. Unaleta matangazo? Hapana. Unahitaji intaneti, ambako mtu asiyejulikana anaweza kuzungumza na mtoto? Hapana. Una mahali pa kuishia? Ule wa ghala unapo: kila fumbo likifumbuliwa, kazi imekwisha, unaweza kuweka kifaa chini. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na michezo mingi ya bure ya kwenye simu, ambayo imetengenezwa ili usimalize kamwe, uangalie matangazo, na mwishoni ununue kitu kwa fedha iliyomo kwenye simu ya baba.

Wazee wetu hawakukosa hekima hii. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huhesabu kete kichwani kabla ya kutia mkono shimoni. Chemsha bongo si jambo la kigeni kwetu. Hata hivyo, bao lina sifa ambayo kifaa hakina: humkutanisha mtoto na babu yake. Kama nyumbani mna bao, lianze hilo.

HOSPITALI INAJUA NINI?

Baadhi ya wasomaji hudhani wauguzi wote hupinga gemu. Si kweli. Mwaka 2006 madaktari wa Newark, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa watoto 112 wa miaka 4 hadi 12 waliokuwa wakisubiri upasuaji. Wote walikuwa na wazazi wao. Kundi moja lilipewa pia gemu la mkononi, jingine dawa ya kutuliza hofu. Walipoonyeshwa kinyago cha usingizi, asilimia 63 ya waliocheza gemu hofu yao haikuongezeka au ilipungua. Kwa waliopewa dawa ilikuwa asilimia 26, na kwa waliokuwa na mzazi peke yake asilimia 28.

Utafiti mwingine unatugusa zaidi sisi tunaoishi kando ya barabara ya malori. Huko Oxford, Uingereza, watu 71 waliofikishwa hospitali baada ya ajali za barabarani walihusishwa katika jaribio ndani ya saa sita tangu ajali. Nusu yao walikumbushwa kwanza ajali, kisha wakacheza Tetris kwa kama dakika 20 kwenye kifaa cha mkononi. Katika juma lililofuata, picha za ajali ziliwarudia kichwani mara chache zaidi kuliko wenzao, pungufu kwa asilimia 62 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Ni utafiti mdogo, wala haumaanishi kwamba gemu ni tiba ya mshtuko. Majeruhi anahitaji hospitali kwanza. Lakini unatuonyesha kwamba kitu chenye nguvu ya kuingia akilini kwa manufaa kina nguvu pia ya kuingia kwa madhara. Ndiyo maana kipimo ni cha lazima.

KIPIMO NA HATARI

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha namna yoyote, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, pungufu yake ni bora zaidi. Mtoto wa miaka 5 na kuendelea anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira au kazi ya kumtoa jasho. Mimi kwa mtoto wa shule ya msingi nashauri nusu saa ya gemu, baada ya kazi za shule na za nyumbani, na isiwe kitandani.

Tangu mwaka 2022, katika orodha ya magonjwa ya Shirika hilo, umo pia ugonjwa wa kutawaliwa na gemu. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, gemu linatangulia mambo mengine yote, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12. Kwa hiyo usimwite mtoto mgonjwa kwa sababu amenuna uliponyang'anya kifaa. Lakini ukiona ameacha marafiki, chakula na shule, mlete tuzungumze mapema, usingoje mwaka uishe.

Macho nayo yatunzwe. Anayekodolea kioo husahau kupepesa, macho yakawa makavu na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu cha mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Kucheza nje mchana husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali.

Mwenye kifafa anaweza kuwa mmoja wa wale wachache wanaopata degedege kwa mwanga unaomwekamweka. Mwulize daktari kwanza. Mtoto huyo asitengwe. Michezo tulivu kama ule wa ghala ipo, na bao lipo.

Hatari kubwa kuliko zote kwa watoto wadogo ni betri bapa zinazofanana na za saa, zinazokutwa katika vidude vingi vya kuchezea na ndani ya baadhi ya kaseti za gemu za zamani. Mtoto akimeza, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili tu. Usimtapishe, usingoje aitoe chooni. Kimbia hospitali yenye eksirei saa hiyo hiyo, hata kama mtoto anaonekana mzima.

DUBWI SI GEMU

Lipo jambo linalonisikitisha kuliko vifaa vyote vya mkononi. Ni kumwona mtoto mwenye sare ya shule amesimama mbele ya mashine ya dubwi akitumbukiza fedha ya madaftari. Hapo hakuna fumbo wala akili inayonolewa. Kuna bahati, na mashine imepangwa ili mwenyewe asipate hasara. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Mwenye duka anayemwacha mtoto acheze anavunja sheria, na sisi tunaopita tukanyamaza tunamsaidia. Nashangaa mzazi anayevunja gemu la mwanawe kwa hasira huku dubwi likiita hatua kumi kutoka mlangoni kwake.

USHAURI KWA FAMILIA

1. Cheza mchezo wewe mwenyewe kwa siku mbili tatu kabla ya kumpa mtoto. Usichokionja usikigawe.

2. Chagua chemsha bongo isiyodai fedha, isiyo na matangazo, na yenye mwisho.

3. Panga muda kabla kifaa hakijawashwa, na saa iwe mahali mtoto anapoiona.

4. Kifaa kisilale na mtoto, wala kisichajiwe chini ya mto au juu ya godoro. Betri iliyovimba isitumike tena.

5. Mwulize mtoto akueleze alivyolifumbua fumbo. Mtoto anayeweza kueleza amefikiri. Asiyeweza kueleza amebonyeza tu.

6. Kijana wako mkubwa akivutiwa, mwambie ajaribu kutengeneza mchezo wake. Tangu mwaka 2019 ipo programu ya bure iitwayo GB Studio, inayowawezesha hata wasiojua lugha za kompyuta kutunga mchezo wa Game Boy. Fumbo linalotumia kahawa ya Mbozi, malori ya mpakani au kete za bao bado linangoja wa kulitunga.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kifaa hakileti malezi, wala kukivunja si malezi. Leo jioni, mtoto akikuonyesha gemu lake, usimfukuze wala usimwachie tu. Mwambie akupishe kidogo, shika kifaa, na ujaribu kulisukuma hilo sanduku hadi mahali pake.