Kifungo cha zamani kisimnyime mtu dhamana

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, ya mwaka 1985, inakataza kumpa dhamana mshtakiwa aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka mitatu. Shtaka la sasa laweza kuwa dogo, kifungo kile kikawa cha miaka ishirini iliyopita, na wadhamini wakawa wamefika na barua za serikali ya mtaa. Hakimu haruhusiwi kuyapima hayo. Bunge likifute kizuizi hiki na kumwachia hakimu uamuzi.

Dhamana humtaka mshtakiwa arudi mahakamani, asivuruge ushahidi wala asidhuru mtu. Urefu wa adhabu ya zamani peke yake hauonyeshi kama atayatimiza. Aliyetumikia miaka minne huenda alihudhuria kesi yake yote bila kukosa, na asiyewahi kufungwa akatoroka wiki ya kwanza. Kifungu hichohicho kinamzuia pia aliyewahi kuruka dhamana, na hapo angalau kinagusa jambo linalohusika. Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Anayewekwa mahabusu kwa sababu ya adhabu aliyokwisha kuimaliza anaadhibiwa tena kwa kosa lilelile, huku kibarua na ada za watoto vikimponyoka.

Wapo watakaokumbusha kwamba mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hiki, cha 148(5), kisha Mahakama ya Rufani ikakirejesha. Ni kweli, lakini sheria kutovunja Katiba hakuifanyi kuwa ya haki, na kuirekebisha ni kazi ya Bunge. Wengine wanahofia usalama wa raia. Hofu hiyo ina uzito, na ndiyo maana sidai kila mwenye rekodi aachiwe. Nchini Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa pana sababu nzito, na mahakama hutazama rekodi yake pamoja na aina ya kosa, uzito wa ushahidi na mizizi yake katika jamii. Jambazi sugu bado anaweza kunyimwa. Na tukiogopa hakimu atahongwa, tumlazimishe kuandika sababu za uamuzi wake ili upande wowote uweze kuupinga mahakama ya juu. Kumfunga hakimu mikono hakuondoi rushwa. Kunawaumiza tu wale ambao angewaachia kwa haki.