AFYA NYUMBANI: Shingo inayouma kila siku

Sisi ni wahudumu wa afya. Mwezi huu tunaongea juu ya shingo, sababu kila wiki mnatuuliza.

Mama mmoja alitujia baada ya miezi mingi ya kuteseka. Kichwa kilimuuma upande wa kulia, toka kisogoni mpaka pembeni mwa jicho, na bega lilikuwa gumu kama ubao. Alimeza Panadol karibu kila siku, halafu akaanza vile vidonge vya maumivu vya kununua sokoni, mpaka tumbo likawa linamwaka moto. Jirani akasema ametupiwa kitu, akachanjwa chale. Mume wake yeye alisema ni uvivu wa kwenda bombani, na hilo ndilo lililomuuma kuliko shingo yenyewe. Tulipombonyeza juu ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega, aliruka: "Ni hapo! Na kichwa nacho kinauma sasa hivi!"

Kumbe kichwa kilikuwa kinalalamika kwa niaba ya bega.

Msuli ukibeba mzigo kupita kiasi, au ukikazwa muda mrefu kwa kuinama juu ya cherehani au kwa mawazo, unaweza kuwa na sehemu iliyojikaza kama kamba, na ndani yake fundo dogo linalouma ukiligusa. Fundo hilo hupeleka maumivu mahali pengine. Daktari wa Marekani Janet Travell ndiye aliyefanya mafundo haya yajulikane sana. Alimtibu Kennedy maumivu ya mgongo, na mwaka 1961 akawa daktari wake Ikulu. Mwaka 1983 yeye na David Simons walitoa kitabu chenye picha za misuli na mahali maumivu yake yanapokimbilia. Wataalamu hadi leo wanabishana fundo hilo ni kitu gani hasa. Lakini kwamba linauma, na kwamba kulibonyeza kunaleta nafuu, hilo tunaliona wenyewe.

Fanya hivi. Weka kitambaa cha maji ya moto (yasiunguze) begani dakika 10 hivi. Kisha kunja soksi mbili ziwe kama mpira mgumu, simama mgongo ukiegemea ukuta, mpira uwe kati ya ukuta na msuli, ujisukume polepole mpaka uhisi maumivu unayoweza kuvumilia. Kaa hapo kama nusu dakika mpaka dakika moja, huku unapumua. Usibonyeze mbele ya shingo wala juu ya mfupa wa uti. Baadaye inamisha kichwa upande wa pili, sikio liende kuelekea bega, ushikilie sekunde 30.

Kubonyeza peke yake hakutoshi, fundo litarudi. Kinachosaidia kwa muda mrefu ni kuutia msuli nguvu. Kaa wima, rudisha kidevu nyuma kama mtu anayekataa chakula, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi. Tena kaza viganja kwenye paji la uso na kichwa kisukume bila kusogea. Fanya kila siku kwa wiki sita hivi. Wiki ya kwanza unaweza kuuma kidogo, usiogope, ila ikizidi punguza.

Na mzigo? Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, ukiongeza bidoni yenyewe. Ukiweza beba ya lita 10 mara mbili, au ikae kwenye baiskeli. Kijana wa miaka 16 anayeshinda kwenye mpira naye ana mabega, tunaikumbusha familia yake.

Yule anayekunja shingo ya mwenzake mpaka ilie "kwa!" tunamwomba aache. Vile vidonge vya sokoni, ukivimeza siku nyingi bila kupimwa, vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Usikae nyumbani na mpira wa soksi kama mkono umekosa nguvu au umekufa ganzi, kama miguu inayumba, mkojo unatoka bila kujua, umeanguka au umepigwa, au unakonda na maumivu hayakuachi usiku. Homa kali na shingo iliyokakamaa, hasa kwa mtoto, ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili. Kichwa bado kinamuuma mara moja moja, hatusemi amepona kabisa. Vidonge ameacha. Safari ya pili alikuja na mume wake, tukamwonyesha yeye pahali pa kubonyeza, akashangaa lile bega lilivyo gumu. Bidoni ya asubuhi sasa anaibeba yeye.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kiuno kwa wajawazito. Leteni maswali kwetu.